Kocha wa karate, umejiandaa kumfundisha bibi?

KATIKA miji yetu, iwe Bujumbura, Rumonge au Makamba, si kazi kumpata kijana mwenye mkanda mweusi wa karate au judo. Jioni utamkuta uwanjani akiwahesabia wenzake ngumi na mateke hadi jasho liwatoke. Kazi ni kumpata kijana huyo huyo akiwa anajua la kufanya siku bibi wa miaka 68 atakapomjia na kusema kuwa naye anataka kujifunza.

Usicheke, ndugu msomaji. Huko Korogocho, kitongoji cha mabanda jijini Nairobi, kina shosho walianza mwaka 2007 kukutana na kufundishwa kujihami. Hawakufuata mchezo. Walikuwa wakiporwa na kubakwa, na baadhi ya wahalifu waliwachagua kwa kuamini kwamba mwanamke mzee hana virusi vya UKIMWI. Walichofundishwa hakikuwa mateke ya kwenye sinema, bali kupaza sauti na kusema hapana, kulenga macho, pua na sehemu za siri, kisha kukimbia. Mama zetu wanaovuka mpaka wa Mugina au Kobero na mafungu yao ya bidhaa wanaelewa haraka kwa nini sauti ni silaha.

Hata hivyo, adui mkubwa wa mzee si mwizi. Ni kuanguka. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kutokana na kuanguka, zaidi ya asilimia 80 yao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na walio hatarini zaidi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Kwetu sisi tuliorudi jambo hili lina uzito wake. Wazee wetu waliishi miaka mingi katika tambarare za Ulyankulu, Katumba na Mishamo, kisha wakarudi uzeeni kupanda na kushuka vilima vya Bururi na Makamba. Mvua ikinyesha, njia ya kisimani huwa kama imepakwa sabuni. Nyonga ikivunjika, anayeacha biashara ili amhudumie mgonjwa ni binti au mkwe.

Hapa ndipo michezo hii inapoweza kusaidia. Mwaka 2018 watafiti wa Oregon, Marekani, walitangaza matokeo ya kuwafuatilia watu 670 wenye miaka 70 na kuendelea, waliokuwa wameshaanguka au wenye shida ya kutembea. Kundi moja lilifanya taichi, mchezo wa Kichina wa mwendo wa taratibu, saa moja mara mbili kwa wiki kwa wiki 24. Walianguka kwa asilimia 58 chini ya wale waliofanya mazoezi ya kujinyoosha tu. Judo nayo ina elimu ya kuanguka bila kuumia: kidevu kifuani, mgongo wa mviringo, mkono usitangulizwe kuikinga ardhi.

Lakini nani atawafundisha? Katika shule za ukimbizini nilikosoma nilikutana na watu waliojua hesabu vizuri mno, ila walikuwa hawajui kuifundisha. Mkanda mweusi ni hivyo hivyo. Unathibitisha kwamba mwenyewe anaweza kupiga na kuanguka. Hausemi lolote kuhusu presha, kisukari, mtoto wa jicho wala mifupa iliyodhoofika.

Kwa hiyo kocha naye aketi darasani kwanza. Ajifunze kuuliza kabla ya zoezi: mzee ameanguka mara ngapi mwaka huu? Anatumia dawa gani? Husikia kizunguzungu anaposimama? Ajifunze kupima mwendo kwa maongezi, maana mzee asiyeweza kuongea huku anafanya zoezi amezidishiwa. Ajue kuwa kubana pumzi wakati wa kutumia nguvu hupandisha presha ghafla. Ule ukelele wa karate ambao watu huuona wa mbwembwe huwa na faida hapo, kwa sababu unatoa pumzi nje.

Lipo pia la heshima, nalo nimeona linapuuzwa. Kijana hawezi kumpigia kelele mzee wa rika la babu yake kama anavyowafokea wenzake. Aanze na shikamoo, na akitaka kumshika bibi kiuno amrekebishe, aombe ruhusa kwanza. Bora zaidi awepo kocha wa kike. Ile desturi ya kuinama mbele ya mwalimu nayo itazamwe upya: wazee Waislamu wengi hawatainama, na sioni sababu ya kuwalazimisha.

Vifaa si kisingizio. Kiti imara, ukuta na godoro vinatosha kuanzia. Kuangushwa kusiwepo kabisa. Kuanguka kufundishwe kuanzia kulala chini, kisha kukaa, na kwa wengi kuishie hapo.

Kama ningepewa nafasi ya kupanga somo la kwanza la makocha hao, lingekuwa namna ya kumfundisha mzee kuinuka. Kwanza atulie, ajikague kama ameumia. Ageukie ubavu, apige magoti na viganja chini, atambae hadi kwenye kiti. Aweke mikono yote miwili juu ya kiti, atangulize mguu wenye nguvu, ajisukume, ageuke, akae. Asiondoke mara moja. Kizunguzungu kipite kwanza. Na kama nyonga inauma au mguu umepinda, asiinuliwe. Afunikwe kitenge asipate baridi, na mtu akimbie kuita msaada.