PHP ya zamani, PHP mpya, majaribio yale yale: inawezekanaje?

Leo tuingie kidogo jikoni kwa mafundi wa programu. Wengi wetu tuna blogu za WordPress. Ukiapdeti na blogu isilipuke, ujue kuna watu waliijaribu kwanza.

WordPress imeandikwa kwa lugha ya PHP. Fundi akigusa kitu, kompyuta inapitia maelfu ya majaribio kuona kama kuna kilichoharibika. Chombo kinachoendesha majaribio hayo ni PHPUnit, alichokianzisha Mjerumani Sebastian Bergmann.

Sasa kasheshe lenyewe. Desemba 2016 PHP 7.1 ilileta neno void, yaani "fanksheni hii hairudishi jibu". Februari 2019 PHPUnit 8 ikatoa sharti: fanksheni ya maandalizi lazima iandikwe setUp(): void. Usipoandika hivyo, majaribio hayaanzi. Ukiandika, PHP 5.6 haielewi, nayo inagoma. Huku moto, kule maji!

Mtu atauliza, si waachane na 5.6 tu? Sio rahisi hivyo. Mwaka 2020 WordPress bado ilikuwa imeahidi kufanya kazi kwenye PHP 5.6, maana wenye blogu wengi seva sio zao, anayeamua toleo ni mwenye hostingi. Halafu Novemba 2020 ikatoka PHP 8.0. PHPUnit za zamani haziiwezi 8.0, na mpya hazikubali 5.6. Na ukiahidi watu kwamba kodi yako inafanya kazi pande zote mbili, lazima uijaribu pande zote mbili. La sivyo ni maneno matupu, na atakayeumia ni yule mwenye seva ya zamani.

Dawa ilikuwa kujenga daraja. Kampuni ya Yoast ya Uholanzi ilitoa PHPUnit Polyfills. Ujanja wake mdogo tu: wewe unaandika set_up badala ya setUp. Daraja linaangalia PHPUnit iliyopo ni ipi, linaweka lenyewe setUp yenye void au isiyo nayo, kisha linaiita set_up yako. Vipimo vipya ambavyo PHPUnit ya zamani haina, linaviongeza. Majaribio unaandika mara moja, yanakimbia kote. Mwaka 2021 WordPress nao wakalichukua.

Lakini hakuna anayebeba mzigo wa zamani milele. Agosti 2023 WordPress 6.3 iliiacha PHP 5. Hilo sio kosa, kwa sababu walitangaza mapema. Kosa ni kumwacha mtu kimya kimya, agundue siku blogu yake imekuwa nyeupe.

Kwa hiyo wewe unayejifunza kodi: andika wazi toleo la chini kabisa unaloahidi, kisha jaribu kwenye hilo na kwenye jipya kabisa. Kujaribu kwenye mashine yako peke yake haitoshi.

Haya wadau, hostingi yako inatumia PHP ngapi? Tiririkeni hapo chini.