Majina ya Ugomvi Katika Kiingereza

Karani aombwaye kuandika kwa Kiingereza habari za wakulima wawili waliokosana juu ya mpaka wa shamba hupata shida mapema. Kiingereza kina maneno mengi ya ugomvi, na wengi waliojifunza lugha hiyo huyatumia kama kwamba yote ni mamoja. Akikosea kuchagua, majirani waliorushiana maneno tu wataonekana kuwa watu waliopigana kwa fimbo.

Lijulikanalo zaidi ni "quarrel". Huu ni ugomvi wa watu wanaojuana, ndugu kwa ndugu au jirani kwa jirani, na ndani yake mna hasira. Asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya malalamiko, na hata leo ugomvi huo mara nyingi huishia katika kulaumiana na kununiana. "Fight" ni jambo jingine, maana hapo pana ngumi. Ni kweli kwamba Waingereza husema hivyo pia kwa mume na mke waliokaripiana, lakini anayeisoma taarifa ya polisi hatafikiri hayo. Sheria ya jinai ya Kenya huhesabu kupigana mahali pa hadhara kuwa kosa, na kubishana juu ya bei ya mbuzi sokoni si kosa hilo.

Neno la ofisini ni "dispute". Hili halihitaji hasira hata kidogo. Watu wawili waweza kuwa nayo hali wanasalimiana kila asubuhi, kila mmoja akidai kuwa haki ni yake, na wote wakimngoja mwamuzi. Ndiyo sababu lilitumika katika sheria ya Kenya ya 1965 juu ya wafanya kazi na waajiri, na tena katika ile ya 1990 iliyoweka mabaraza ya kuamua mambo ya ardhi. Sheria zote mbili zimekwisha kufutwa, lakini neno limebaki. Wazee wangeliita "shauri" tu, na huenda hakuna neno lililo karibu nalo zaidi.

"Argument" limewatega wengi. Maana yake ni mabishano, lakini pia ni hoja. Mwanafunzi aambiwaye na mwalimu kwamba "argument" yake ni nzuri hakukaripiwa kwa ubishi, amesifiwa.

Kisha kuna "row", lenye matamshi mawili. Likitamkwa "rau", kama mtu asemavyo dau, ni ugomvi wa makelele; likitamkwa "ro", ni mstari, kama ule wa mahindi. Katika maandishi hayatofautiani, na barua isemayo kwamba pana "row" shambani yaweza kumfanya bwana shamba ajiulize kama aende na kamba ya kupimia au aende na askari.

Zito kupita yote ni "feud", uhasama wa ukoo kwa ukoo unaorithiwa, kama ule wa akina Montague na akina Capulet katika mchezo wa Shakespeare wa Romeo na Juliet. Majirani waliokosana juu ya mpaka msimu uliopita hawajafika huko, isipokuwa kama watoto wao nao wamekwisha katazwa kuoana.