Mwaka Mmoja wa Kubadili Kazi

Huenda wewe ni mhandisi au mwalimu mwenye miaka kadhaa kazini, na sasa unataka kuhamia benki au ushauri wa kampuni. Umesikia kwamba Ulaya ipo shahada ya uzamili ya biashara inayosomwa kwa mwaka mmoja, ukafungua orodha za vyuo, ukachanganyikiwa. Hukosei kuchanganyikiwa: orodha hizo huweka kapu moja vitu visivyofanana.

Tuanze na msingi. Shahada zenyewe ni za namna mbili. MBA, yaani uzamili wa usimamizi wa biashara, ni ya mtu aliyekwisha kufanya kazi. AMBA, chombo cha Uingereza kinachotoa ithibati (uthibitisho kwamba programu imekaguliwa na watu wa nje ikakidhi viwango), hutaka mwanafunzi wa MBA awe na uzoefu wa angalau miaka 3. Ya pili ni MSc ya usimamizi, ambayo kwa kawaida hulenga kijana aliyemaliza shahada ya kwanza juzi. Darasani masomo yanakaribiana: uhasibu, fedha, masoko. Wanaotofautiana ni waajiri. Wanaofuata wahitimu wa MSc wanatafuta watu wa kuanza kazi, kwa mshahara wa kuanzia kazi. Mtu wa miaka minane kazini anayeichagua kwa sababu ada yake ni nafuu anapaswa kulijua hilo mapema.

Sasa tuuangalie huo mwaka mmoja. Harvard ilipoanzisha MBA mwaka 1908, ilikuwa ya miaka 2, na desturi hiyo ingalipo Marekani. INSEAD, chuo kilichoanzishwa Ufaransa mwaka 1957, huimaliza kwa miezi 10 hivi; Oxford na Cambridge kwa mwaka. Faida iko wazi ukihesabu gharama ya fursa, yaani mshahara unaoukosa wakati uko darasani. Mara nyingi gharama hiyo husahaulika kwa sababu haina risiti.

Lakini kuna kinachokatwa. Katika programu ya miaka 2, likizo ya katikati hutumika kwa mafunzo kazini: wiki kadhaa za kufanya kazi unayoitamani mbele ya mtu anayeweza kukuajiri. Kwa anayebaki katika fani yake, kuyakosa si hasara kubwa. Kwa anayehama, ndipo anapopata ushahidi wa kwanza kwamba kazi mpya anaiweza. INSEAD yenyewe inaonyesha jambo hili vizuri. Wanaoingia Januari hupata nafasi hiyo katikati ya mwaka; wanaoingia Agosti hawaipati. Chuo ni kilekile na cheti ni kilekile. Kwa hiyo usiulize tu chuo ni cha ngapi duniani. Uliza ratiba yake, na waajiri huanza usaili mwezi gani. Programu nyingine huita waajiri wiki za mwanzo, mgeni angali anatafuta chumba.

Jambo gumu zaidi ni ukubwa wa hatua yenyewe. Kubadili kazi kuna pande tatu: kada, sekta na nchi. Mhasibu wa hospitali anayetaka kuwa mshauri wa kampuni za nishati jijini London anabadili zote tatu, na miezi 12 ni michache mno. Mimi hushauri moja, au mbili kwa mwenye moyo.

Ufadhili nao hubadili hesabu. Mpango wa ufadhili wa Chevening hulipia uzamili wa mwaka mmoja Uingereza, kisha humtaka mnufaika arudi nchini kwake kwa angalau miaka 2. Ukiupata, kipimo chako ni waajiri wa Dar es Salaam au Nairobi, si wa London.

Kabla ya kulipa ada ya maombi, mtafute mhitimu aliyetoka katika kazi kama yako, umuulize aliajiriwa wapi na baada ya muda gani. Chuo kikishindwa kukuunganisha hata na mmoja, kiache.