Je, Wajua? Tarakilishi Iliyolala Huchagua wa Kuiamsha

Tarakilishi iliyolazwa ofisini Arua, kioo giza na feni kimya, haikulala yote. Kabla ya usingizi, kila kiendeshi, yaani programu inayosimamia kifaa kimoja, huzizima ishara za kifaa chake, isipokuwa zile zilizopewa idhini ya kuamsha.

Katika Linux, kiendeshi hukiri tu kwamba kifaa kina uwezo huo. Ruhusa yenyewe mwenye mashine aweza kuibatilisha kwa neno moja katika faili dogo. Kibodi aghalabu hupewa. Kipanya, kwa rai yangu, kinastahili kunyimwa, hasa Koboko, ambako tetemeko la malori yaendayo Sudan Kusini laweza kukisogeza.

La ajabu zaidi ni kadi ya mtandao, ambayo hukesha kwa umeme haba, ikipuuza takriban kila kipitacho, hata ufike ujumbe ulio na baiti 6 zenye thamani ya 255, zikifuatwa na anwani ya kadi hiyo hiyo iliyokaririwa mara 16. Jumla ni baiti 102. Hapo tarakilishi huamka, ilimradi umeme haujakatika.