Mkanda wa Jeshi: Rafiki Anatakiwa Siku ya Kwanza

Waswahili huuita mkanda wa jeshi. Waganda wa Kampala huuita kisipi, neno ambalo nalo maana yake ni mkanda. Aliyeuona ugonjwa huu hata mara moja hahitaji kuelezwa sababu ya majina hayo. Malengelenge hujipanga mstari mmoja, kuanzia karibu na uti wa mgongo, yakazunguka ubavuni na kuishia kifuani au tumboni, upande mmoja tu wa mwili. Aliyewahi kuugua ataongeza kwamba mkanda wenyewe ni wa moto.

Makala haya hayakusudii kuwatisha wananchi. Yanakusudia kueleza jambo moja ambalo wengi wetu tumelipuuza: kwamba katika ugonjwa huu mgonjwa huhitaji dawa mapema, na ili aipate mapema huhitaji watu. Anayeugua peke yake chumbani, huku akiona haya kuwaambia jirani zake, huweza kuyalipia maumivu kwa miezi au hata miaka baada ya ngozi kupona.

CHANZO CHAKE

Yafaa ieleweke kwanza kwamba mkanda wa jeshi si uchawi, wala si laana ya ukoo, wala si mkojo wa mdudu aliyempitia mtu usingizini. Chanzo chake ni virusi vile vile viletavyo tetekuwanga kwa watoto. Mtoto akishapona tetekuwanga, virusi havitoki mwilini. Hujificha katika mizizi ya mishipa ya fahamu iliyo kando ya uti wa mgongo na kichwani, navyo huweza kulala humo miaka thelathini, arobaini au hamsini. Siku kinga ya mwili inapolegea, huamka, vikafuata mshipa mmoja hadi kwenye ngozi. Mwaka 1965 daktari mmoja wa Uingereza, Edgar Hope-Simpson, aliyekuwa akiwatibu watu wa kawaida katika mji mdogo wa Cirencester, alichapisha maelezo ya jambo hilo baada ya kuwafuatilia wagonjwa wake kwa miaka mingi.

Hapo ndipo tunapopata jibu la hofu moja kubwa. Husemwa mitaani kwamba ncha mbili za mkanda zikikutana na kumzunguka mtu, mtu huyo hufa. Ukweli ni kwamba mishipa ya fahamu hutoka katika uti wa mgongo jozi kwa jozi, mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto, na kwa kawaida virusi huamka katika mmoja tu. Ndiyo maana mkanda hufika katikati ya mwili ukakoma. Kwa mtu aliyedhoofika sana malengelenge huweza kutapakaa mwili mzima, na hiyo ni hatari ya kweli inayotaka hospitali upesi. Lakini hatari yenyewe ni huko kutapakaa kwa virusi. Kukutana kwa ncha hakuna uwezo wowote wa kuua.

SIKU TATU ZA MWANZO

Tuchukue mfano wa fundi cherehani katika soko la Owino. Siku ya kwanza anasikia maumivu chini ya mbavu za kushoto, kama mtu anayemchoma sindano. Anadhani ni kazi ya kuinamia mashine kutwa, naye ananunua vidonge vya maumivu kwenye duka la dawa. Siku ya tatu vipele vyekundu vinatokea, na kesho yake vimejaa maji. Shati likigusa ngozi anaruka. Sasa anaogopa. Jirani mmoja anamshauri apake majivu, mwingine anampa majani yaliyopondwa. Mwenyewe anafunga mlango, kwani anajua watu watasema nini wakimwona. Juma linakwisha ndipo anapopanda kilima cha Mulago kutafuta daktari.

Fundi huyu amepoteza kitu ambacho hakiuzwi sokoni, nacho ni muda. Dawa iitwayo asiklovia, inayopambana na virusi hivi, hufanya kazi yake vizuri ikianza kutumiwa katika saa 72 tangu vipele vya kwanza kuonekana. Hupunguza ukali wa ugonjwa na kuharakisha kupona. Baada ya saa hizo bado mgonjwa hana budi kwenda hospitali, hasa ikiwa malengelenge mapya yanaendelea kutoka au ikiwa kinga yake ya mwili ni dhaifu. Lakini fursa iliyo bora imekwisha kupita.

Ipo hali nyingine isiyosubiri hata siku moja. Vipele vikitokea kwenye paji la uso, kuzunguka jicho au kwenye ncha ya pua, huenda mshipa unaohudumia jicho umeshikwa, na mgonjwa aweza kupoteza uwezo wa kuona. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

HAYA ILIYORITHIWA

Kwa nini basi fundi wetu alifunga mlango? Jibu limo katika historia ya mji huu. Katika miaka ya 1980, UKIMWI ulipoanza kuvuna watu Kampala, Masaka na Rakai, madaktari na wananchi waligundua kwamba vijana wengi waliokuja kuugua walikuwa wametanguliwa na kisipi. Ugonjwa ambao kwa kawaida huwapata wazee ulikuwa ukiwapata watu wa miaka ishirini na thelathini. Tangu wakati huo, kovu la mkanda ubavuni likasomwa na jirani kama hukumu ya kifo. Watu wakajifunza kulificha.

Lakini ni mji huu huu uliofundisha dawa ya haya. Mwaka 1986, Bibi Noerine Kaleeba, mtaalamu wa kunyoosha viungo katika hospitali ya Mulago, alipata habari kwamba mumewe, Christopher, aliyekuwa masomoni Uingereza, ana UKIMWI. Alikwenda kumuuguza, kisha wakarudi nyumbani, na mumewe akafariki Januari 1987. Bibi Kaleeba alionja mwenyewe namna watu wanavyojitenga na nyumba yenye ugonjwa huo. Mwaka huo huo yeye na wenzake, jumla yao watu 16, baadhi yao wakiwa na virusi mwilini, wakaanzisha shirika la TASO. Walianza kwa jambo dogo tu: kukutana, kuongea na kufarijiana. Dawa ya kuzuia virusi hawakuwa nayo. Walichokuwa nacho ni kukataa kumwacha mwenzao augue peke yake. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya naye akajitokeza hadharani akasema kwamba ana UKIMWI, akazunguka akiwaeleza wananchi, hata alipofariki Desemba mwaka huo.

Leo mambo yamebadilika. Tangu mwaka 2004 dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI zilianza kutolewa bila malipo nchini Uganda, na anayezitumia ipasavyo huishi miaka mingi, akafanya kazi na kulea watoto wake. Kwa hiyo kijana apatwaye na mkanda wa jeshi apime damu, kwa sababu kujua mapema ni faida yake. Wala asihukumiwe kabla ya kupima. Umri mkubwa, baadhi ya dawa za saratani na maradhi mengine yadhoofishayo kinga huweza kuuamsha ugonjwa huu kwa mtu asiye na virusi vya UKIMWI hata kidogo. Hata baadhi ya wanaoanza dawa za UKIMWI hupata mkanda katika miezi ya mwanzo, wakati kinga yao inapoinuka upya. Hao wasiache dawa, wamwone daktari.

KAZI YA MARAFIKI

Watu wengi huwakimbia wagonjwa hawa kwa kuogopa kuambukizwa. Ukweli ni huu: mtu hapati mkanda wa jeshi kutoka kwa mwenye mkanda. Maji ya malengelenge huweza kumwambukiza tetekuwanga mtu ambaye hajawahi kuiugua wala kuchanjwa. Kwa hiyo malengelenge yafunikwe kwa kitambaa safi, taulo isishirikiwe, na hadi vipele vikauke mgonjwa asikaribiane na watoto wachanga, na wajawazito ambao hawajaugua tetekuwanga, na watu wenye kinga dhaifu. Wengine wote wanaweza kuingia, kuketi, kula naye na kumshika mkono.

Na kazi yao ni nyingi. Wa kwanza ampeleke hospitali, kwa kuwa mtu mwenye maumivu makali hutafuta kisingizio cha kungoja kesho. Wa pili awe mlinzi wa saa. Vidonge vya asiklovia kwa mtu mzima humezwa mara tano kwa siku, kwa muda wa siku saba, pamoja na maji mengi, na ni rahisi mno mgonjwa asiyelala usiku kusahau. Wa tatu ashike jiko, maana maumivu huondoa hamu ya chakula. Uji, matoke laini au mchuzi mwepesi utamfaa. Wa nne afue nguo na kumtafutia shati pana la pamba, kwani kitambaa kizito humtesa. Kitambaa safi kilicholowekwa katika maji baridi hupoza ngozi. Malengelenge yasipasuliwe, wala yasipakwe majivu, dawa ya meno au majani, kwa sababu hivyo hukaribisha usaha.

Kazi ya mwisho ni ngumu kuliko zote, nayo ni kuamini. Malengelenge hukauka na kupona kwa muda wa majuma mawili hadi manne. Lakini kwa baadhi ya watu, hasa waliopita umri wa miaka hamsini, mshipa uliojeruhiwa huendelea kuuma baada ya miezi mitatu na zaidi. Ngozi inaonekana nzima, na mtu analia usiku. Hapo ndipo jirani husema, "Si amekwisha pona huyu? Anadeka." Hapana, hadeki. Maumivu hayo ni ya kweli, na yapo madawa, kama vile amitriptilini, ambayo daktari huyatoa kwa ajili ya mishipa ya fahamu pale vidonge vya kawaida vinaposhindwa. Rafiki arudi naye hospitali, aeleze pamoja naye.

MUNNO MUKABI

Wakaazi wa Kampala wanavifahamu vyama vya munno mukabi, yaani mwenzako katika shida. Jirani huchanga fedha kidogo kidogo, na mmoja wao akifiwa, chama huleta chakula, viti na masufuria, wanachama wakakesha naye. Ni desturi njema, inayokubaliana na methali ya Waswahili kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Hata hivyo tujiulize. Je, ni lazima dhiki ifike kaburini ndipo tuchange? Nauli ya kwenda hospitali na gharama ya vidonge vya siku saba ni jambo dogo kwa kundi la watu ishirini, lakini ni mlima kwa fundi mmoja ambaye kwa siku hizo hawezi kukaa kwenye cherehani wala kupata ujira. Chama kinachoweza kukusanyika usiku mmoja kwa ajili ya maiti kinaweza pia kukusanyika asubuhi moja kwa ajili ya mgonjwa.

Wajibu mwingine ni wa mgonjwa mwenyewe. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua. Mkanda wa jeshi kwa kawaida hauui, lakini ukifichwa hulipiza kwa maumivu marefu. Atakayeamka kesho na uchungu wa ajabu ubavuni, kisha akaona vipele upande mmoja, asifunge mlango. Aufungue, amwite jirani, aseme, "Ndugu, nitazame mgongoni." Na huyo jirani asirudi nyuma hata hatua moja. Atazame, achukue koti lake, waondoke pamoja kwenda hospitali siku hiyo hiyo.