Filimbi na Ramani: Anayeuamua Mpira Wetu (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita nilieleza ngazi za mpira wa Kongo, kuanzia antanti, yaani vyama vya soka vya mijini, hadi Linafoot, ligi kuu ya taifa. Leo naingia kwenye lile linalotugombanisha kila Jumapili jioni hapa Kasongo: mwamuzi. AS Maniema Union, timu ya mkoa wetu, ikifungwa, lawama ya kwanza humwangukia mwenye filimbi. "Wamebebwa," watu husema, na mjadala unaishia hapo. Mimi ni mpenzi wa timu hiyo kama walivyo wengi kutoka Lusangi hadi Kabambare, na uchungu wa kufungwa naujua. Hata hivyo nashikilia kwamba anayetuumiza zaidi si mwenye filimbi, bali ni yule anayepanga makundi na kalenda ya ligi.

Tuanze na filimbi yenyewe. Tarehe 18 Januari 2026, fainali ya Kombe la Afrika kati ya Senegal na Moroko, mjini Rabat, ilichezeshwa na Mkongomani, Jean-Jacques Ndala. Katika dakika za nyongeza za kipindi cha pili, Senegal walitia mpira wavuni, lakini Ndala alikuwa ameshapuliza faulo dhidi yao. Wengi waliuliza mbona hakwenda kutazama video. Jibu limo katika sheria. Filimbi ikilia, mchezo umesimama, na kinachotokea baada ya hapo si goli, kwa hiyo wasaidizi wa video hawana goli la kukagua. Ndiyo maana waamuzi hufundishwa kuchelewesha filimbi kidogo pale shambulio la hatari linapokuwa linaendelea. Muda mfupi baadaye mchezaji wa Moroko alivutwa ndani ya eneo la hatari, Ndala akaitwa kwenye skrini, akatoa penalti, na Wasenegali wakatoka uwanjani kwa hasira kabla ya kurudi. Tofauti ya matukio yale mawili ilikuwa sekunde moja ya filimbi. Mtu anaweza kumlaumu Ndala kwa sekunde hiyo, ila sioni kwamba kuna aliyebebwa.

Sasa turudi kwetu, ambako skrini haipo. Mechi za wilayani kwetu huchezeshwa na kijana aliyekuja kwa pikipiki. Analishwa na timu mwenyeji, analala kwa kiongozi wa timu hiyo, na nauli ya kurudi anaingojea kutoka kwa mkono uleule. Mashabiki wamesimama juu ya mstari wa pembeni kabisa, kiasi kwamba mshika kibendera anakimbia nyuma ya migongo ya watoto. Halafu tunataka awe jasiri dakika ya 89! Kosa la mwamuzi wa namna hiyo lilianza siku aliyepanga mashindano alipoacha posho yake mikononi mwa mmoja wa washindani. Posho ikitoka kwenye chama, ikalipwa kabla ya mechi, nusu ya shutuma zetu zitakosa pa kusimama.

Mwamuzi pia hukua kwa mechi. Ligi ya timu 16 katika kundi moja, nyumbani na ugenini, ni mechi 240. Ligi ikikatika katikati, mwamuzi kijana naye anakaa nyumbani, na mwaka unaofuata anarudi na mwili mzito na macho yaliyozubaa.

Hapo ndipo inapoingia ramani. Kwa misimu kadhaa Linafoot ilichezwa kwa kanda tatu, Mashariki, Magharibi na Kati-Kusini, kisha timu chache zikakutana kwenye mchujo. Msimu wa 2018-2019 tukaletewa kundi moja la timu 16. Nilifurahi, kwa sababu kila timu ilicheza na kila timu, na jedwali lilisema kweli. Lakini nchi yetu haina barabara ya kutoka Kindu kwenda Kinshasa ambayo basi la timu linaweza kutegemea. Kila safari ni ndege, na ndege ni dola. Msimu wa 2022-2023 haukufika mwisho. Mwaka 2023 FIFA iliikabidhi FECOFA, shirikisho la soka la nchi yetu, kwa kamati ya mpito, na msimu wa 2023-2024 ukaanza kwa makundi mawili, moja la Magharibi na lingine la Mashariki na Kati.

Kwenye karatasi makundi hayo yanaonekana sawa. Lakini kundi la Magharibi limejaa timu za Kinshasa: V.Club, Motema Pembe, Aigles du Congo na nyinginezo. Timu inaweza kucheza juma baada ya juma bila kutoka mjini, wachezaji wakilala vitandani mwao. Kundi letu lilitandaa Kindu, Lubumbashi, Kolwezi, Mbuji-Mayi, Goma na Bukavu. Kisha vita vikaichukua Goma Januari 2025 na Bukavu Februari, na timu za Kivu zikapoteza hata viwanja vyao vya nyumbani. Timu inayoruka angani wiki nzima na timu inayopanda teksi hadi uwanjani hukutana kwenye mchujo zikihesabiwa kuwa zimefuzu kwa jasho moja. Pamoja na hayo, msimu wa kwanza wa makundi hayo mawili, 2023-2024, Maniema Union walimaliza wa pili nyuma ya TP Mazembe, wakaingia Ligi ya Mabingwa Afrika, na mechi yao ya kwanza ya makundi wakatoka sare ya bila kufungana na Mamelodi Sundowns kulekule Pretoria. Mpaka leo nikiyakumbuka matokeo hayo natabasamu.

Ramani inaamua pia nani anaonekana. Wanaosajili wachezaji kwa ajili ya Tanzania au Misri hawaji Kasongo. Wanatazama mashindano ya Afrika na mechi kubwa za ligi. Maxi Nzengeli alitoka Maniema Union kwenda Yanga ya Tanzania mwaka 2023, mwaka uleule ambao ligi yetu ilikatika. Fiston Mayele alitoka V.Club kwenda Yanga, kisha Pyramids ya Misri. Tunawashangilia redioni, na ni haki yetu. Swali langu ni hili: timu za mtaani zilizowafundisha vijana wa aina hiyo zinapata nini?

Sheria za FIFA zinazipa haki. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya bei hugawiwa timu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kila mwaka wa miaka 12 hadi 15 una robo asilimia, na kila mwaka kuanzia 16 una nusu asilimia. Tuseme kijana alicheza Kasongo tangu miaka 12 hadi 17, baadaye akauzwa kwa dola 200,000. Timu yake ya zamani inastahili asilimia 2, yaani dola 4,000. Hizo ni jezi, mipira na posho za waamuzi kwa misimu kadhaa.

Fedha hiyo hupitia ofisi maalumu ya FIFA iliyofunguliwa mwaka 2022, na ofisi hiyo husoma usajili wa mchezaji tu. Haijali kwamba mtaa mzima unamkumbuka. Kijana ambaye jina lake liliandikwa kwenye daftari la kocha na halikufika kwenye mtandao wa FECOFA, kwao hakuwahi kucheza Kasongo. Basi viongozi wa timu zetu wasisubiri Kinshasa irekebishe ramani. Msimu huu, kabla ya mechi ya kwanza, kila mtoto wa miaka 12 na zaidi apewe leseni yenye jina moja na tarehe moja ya kuzaliwa, ileile iliyo kwenye cheti chake, na nakala ifike antanti, ligi ya mkoa na shirikisho. Katibu aombe risiti katika kila ngazi na kuzihifadhi, kwa maana dai la mwaka 2035 litajengwa juu ya karatasi za mwaka huu.

Itaendelea.