Minada ya Dodoma: bei ya mbuzi husomwa kwa gunia la mahindi

MFANYABIASHARA mgeni anayefika Dodoma kutafuta mifugo huelekezwa kwanza Msalato. Mnada huo uko kaskazini mwa mji, kwenye barabara ya Kondoa, na hufanyika kila Jumamosi. Watu wa mjini huufahamu zaidi kwa nyama choma, na wengi huenda kwa ajili hiyo tu: kukaa kivulini, kula, kununua kuku wa kienyeji wawili na kurudi nyumbani. Si vibaya. Lakini kwa mwenye mtaji wake mfukoni, uwanja ule wa vumbi hutoa habari za soko mapema kuliko gazeti lolote, ili mradi ajue kuzisoma.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba mnada wa kijijini, licha ya jina lake, kwa kawaida hauna kunadi. Hakuna anayesimama juu ya kibao akipaza sauti mpaka bei ya mwisho. Mwenye mali na mnunuzi hupatana wawili wawili, na dalali akiwa katikati. Ng'ombe huuzwa kwa macho: nundu hushikwa, mgongo hupapaswa, meno hutazamwa, ndipo bei itajwe. Mizani haipo katika minada mingi ya awali, na kwa hiyo mnunuzi asiyeweza kukadiria kilo kwa jicho humlipa dalali ada ya ujinga wake. Wakishapatana, unakatwa ushuru wa halmashauri, na anayesafirisha mifugo nje ya wilaya huchukua kibali kwa bwana mifugo. Kutoka hapo mali hupanda ngazi: mnada wa awali, mnada wa upili kama Kizota pale Dodoma, na kwa wenye malori, Pugu jijini Dar es Salaam.

Jambo la pili ndilo kubwa. Mfugaji wa Kigogo hauzi mbuzi kwa sababu bei ni nzuri. Anauza kwa sababu kuna kitu kinatakiwa nyumbani, na mara nyingi kitu hicho ni nafaka. Ng'ombe na mbuzi ni akiba yake, kama vile wengine wanavyoweka fedha benki. Kwa hiyo bei ya mbuzi peke yake haimwambii mnunuzi mengi. Swali la kuuliza ni hili: mbuzi mmoja leo ananunua debe ngapi za mahindi?

Nyanda za kati zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, na wastani wake ni kama milimita 570 tu kwa mwaka. Mavuno yakishaingia, kuanzia Juni, ghala zina mtama, uwele na mahindi; mfugaji hana haraka, na mnyama wake bado amenona. Kufikia Oktoba nyasi zimekwisha na maji yako mbali. Kufikia Desemba na Januari ghala nyingi ni tupu, na nafaka inapanda bei siku zile zile mifugo iliyokonda inapofurika mnadani. Chukua mfano: mbuzi aliyetosha kununua gunia zima mwezi Julai anaweza kununua nusu gunia tu mwezi Januari. Si kwamba mbuzi ameshuka nusu bei. Yeye ameshuka kidogo, mahindi yamepanda kidogo, na mfugaji amebanwa pande zote mbili.

Mvua ikikosekana, mkasi huo hufunga kabisa. Wazee wa Ugogo wanaikumbuka kwa jina Mtunya njaa ya mwaka 1917 hadi 1920. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imepita, na majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yamechukua ng'ombe na nafaka. Ukame ulipofika, watu hawakuwa na chakula, wala mifugo ya kubadilisha na chakula. Akiba iliondoka kabla ya siku yake.

Upande wa nafaka husomwa Kibaigwa, wilayani Kongwa, kando ya barabara kuu ya Morogoro. Soko la mahindi la hapo lilifunguliwa mwaka 2004, na mzigo wake mkubwa hutoka Kiteto. Zamani, kabla ya biashara ya nafaka kufunguliwa miaka ya 1980, bei ilipangwa na Serikali na mnunuzi alikuwa Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC. Leo bei hubadilika kwa idadi ya malori yaliyolala sokoni. Anayeuliza bei ya Kibaigwa siku ya Ijumaa huingia Msalato Jumamosi akijua wenye mbuzi watakuja na moyo gani. Aangalie pia vipimo: gunia halali halizidi kilo 100, lakini lumbesa haijafa, na bei ya gunia lenye kilemba si bei ya gunia. Bajeti ya 2017/18 ilipunguza ushuru wa mazao uliokuwa asilimia 5, na ikaondoa ushuru kwa mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine. Kwa mchuuzi wa magunia machache, hiyo ni faida ya kutosha kulipa nauli.

Upo mvuto mpya unaovuta bei juu. Serikali ilitangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo ambalo sasa ni Jiji la Dodoma. Ile ya 2022 ilihesabu 765,179. Chimwaga, palipojulikana kwa mikutano mikuu ya CCM, tangu 2007 ni Chuo Kikuu cha Dodoma chenye maelfu ya wanafunzi wanaokula kila siku. Wenye mabucha hawangoji msimu. Hata hivyo mji haujafuta kalenda ya mvua, umeinua tu mahali inapoanzia.

Ndiyo maana wapo wanaonunua mnyama mwembamba mwezi Oktoba na kumnenepesha kwa miezi mitatu kwa pumba na mashudu ya alizeti, ambayo Dodoma na Singida hayakosekani. Hesabu hii ni nzuri kwenye karatasi. Inaharibika kwa mambo mawili: mashudu nayo hupanda kiangazi, na maji ya kununua hula faida kimya kimya. Asiye na chakula cha kutosha zizini kabla ya kununua mnyama wa kwanza aiache biashara hiyo kwa wenye nafasi.

Kwa mtaji mdogo zaidi kuna ubuyu, ukwaju, asali na mlenda mkavu, bidhaa zinazotoka porini na mashambani, zisizooza haraka na zinazouzika Dar es Salaam. Zabibu ni jambo lingine; zinahitaji mnunuzi aliyeahidi kabla ya kuvunwa.

Kuhusu saa ya kufika, wazoefu wamegawanyika. Asubuhi wanyama bora wapo wote, na bei iko juu. Kuanzia saa tisa alasiri, muuzaji aliyetembea kutoka kijiji cha mbali hukumbuka njia ya kurudi, na bei hulegea. Ila wakati huo waliobaki uwanjani ni wale waliokataliwa tangu asubuhi.